Kapteni Bado Yuko Chini ya Mchanga

Mombasa, Jumapili mchana

Kwa mke wangu Kerubo, mama wa Momanyi,

Bwakire, mama. Naomba barua hii iwakute wazima nyote, wewe na watoto, na mama yangu mzazi na miguu yake. Je, imeacha kuvimba? Ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anatutesa kwa kungoja? Na wimbi liko ghalani, au wageni wa jando wamelimaliza lote? Mimi mwilini sijambo. Kichwa tu ndicho nisichokielewa siku hizi.

Na wewe Onsongo, ndugu yangu, unayemsomea shemeji yako maneno haya, soma polepole, wala usiruke mahali kwa kuona haya. Ukifika penye kucheka, cheka, lakini umalize.

Kerubo, barua yako ilinifikia kwa mkono wa yule kijana wa Keumbu anayebeba mizigo bandarini. Nimeifungua na kuifunga mpaka karatasi imelegea. Unasema Momanyi ametahiriwa, hakulia, hakupepesa hata jicho, na sasa yumo ndani pamoja na wenzake mpaka wapone. Nilipofika hapo nilipiga ukelele jikoni, Hamisi mtunza bustani akaja mbio akidhani nimeungua mafuta. Halafu mwishoni ukaniuliza neno moja tu: siku ya mtoto kutoka, baba yake atakuwepo kumpokea?

Neno hilo ndilo lililonichelewesha kuandika. Jibu langu lilikuwa sijui, na nilikuwa sijui kwa sababu ya kaa. Ndiyo, Onsongo, umesoma sawasawa. Kaa.

Ngoja nieleze. Kerubo, wewe unamjua kaa wa mtoni, yule tunayemkuta chini ya mawe tukiteka maji. Huyu wa hapa ni mwingine. Mbele ana miguu na makucha kama kaa, lakini nyuma ni laini kama funza, uchi kabisa. Basi anatafuta kombe la konokono wa baharini aliyekufa, anaingiza matako yake humo, anatembea na nyumba ya marehemu mgongoni. Akinenepa anatafuta nyumba ya marehemu mwingine, kubwa zaidi. Na Wazungu hawamli. Wanamfuga! Binti wa memsahib wangu anao wanne ndani ya sanduku la kioo lenye mchanga, na yule mkubwa wao amempa jina, anaitwa Kapteni. Mimi mpishi, niliyekuja Mombasa kukaanga nyama, ndiye ninayewakunia nazi na kuwawekea maji ya namna mbili, ya bahari na ya mfereji. Nikishika mbuzi ya kukunia huwa najiuliza wazee wa kwetu wangenikuta hapo wangesema nini.

Nilipoomba ruhusa ya kuja nyumbani msimu huu, memsahib hakukataa. Walikuwa wanakwenda bara kupumzika, wote watatu. Akaniambia, "Makori, tukirudi tukawakuta kaa wazima, hasa Kapteni, utakwenda kwenu siku hiyo hiyo." Mtoto akanishika mkono, macho yamejaa machozi, akasema nisimwache afe. Nikaapa. Niliona ni kazi ndogo, kulisha wadudu wanne. Na unajua siwezi kuondoka bila ruhusa. Kipande, kile cheti changu cha kazi, kisipotiwa sahihi, sitapata kazi tena nyumba yoyote ya hapa.

Basi moshi wa gari lao haujatawanyika, Kapteni akapotea.

Nilihesabu kaa asubuhi, watatu. Nikatazama chini ya meza, nyuma ya kabati, ndani ya viatu vya bwana. Hakuna. Nikashika mwiko niuchimbue mchanga wote, na hapo ndipo Hamisi akaniona dirishani. Huyu Hamisi ni mtu wa Likoni, amekulia ufukweni, anawajua hawa kaa tangu hajaanza kuvaa nguo. "We Makori, acha!" akasema. "Kajizika anajivua ngozi. Ile ya zamani imembana. Huko chini anaivua, anatoka na mpya, laini kama kitoto. Hawezi kujitetea kwa lolote. Ukimgusa sasa umemuua. Mwache mpaka akomae."

Nikamuuliza atakaa huko hadi lini. Akasema, "Mpaka atoke." Jibu gani hilo!

Jioni ile ile ndipo nilipopata barua yako, kwamba Momanyi yumo ndani. Kerubo, sikuweza kula. Nikasema moyoni, kumbe ni wawili. Kuna mmoja Kisii kajificha na mmoja hapa kajificha, wote hawatakiwi kutazamwa, wote hawajakomaa. Nikawaza, kama siwezi kumtunza wa kwangu, basi nimtunze huyu kama anavyotunzwa yule. Na kwetu nani asiyejua kwamba aliyemo ndani moto wake hauzimwi? Moto ukizimika ni balaa. Basi nikawasha jiko la makaa, nikaliweka karibu na sanduku la kioo, nikawa naamka kuongeza makaa kama nilivyofanyiwa mimi na kaka zangu. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana. Hata nilipiga mluzi.

Hamisi alipoingia alishika kichwa. "Lo! Makori, unamlinda au unamwoka?" Akatia kidole mchangani. Ulikuwa mkavu kama majivu, hata kioo kilikuwa cha moto. Akaniambia kaa anayejivua anataka unyevu. Mchanga ukikauka, ngozi ya zamani inamgandia, anafia humo humo. Nikataka kumweleza habari ya moto wa kwetu, lakini yeye alikuwa ameshalishika jiko. Tukalitoa jiko mbio, tukanyunyiza maji kidogo kidogo pembeni ili mchanga usimwangukie. Siku hiyo nilipika wali nikasahau chumvi, na wa kula nilikuwa mimi mwenyewe.

Kumbe hayo yalikuwa mwanzo tu. Hamisi akaenda kwao Likoni kwa arusi. Kesho yake nafunua sanduku niweke nazi, nikamwona Kapteni juu ya mchanga. Miguu yake yote, makucha yake, hata macho yake yale ya vijiti. Nikamwita. Nikamgusa. Mwepesi kama ganda la njugu, hana kitu ndani.

Kerubo, nililia. Onsongo, msomee hivyo hivyo, kaka yako alilia kwa ajili ya kaa. Nilikaa chini penye sakafu ya jikoni nikaona nimemwoka kwa makaa yangu mwenyewe, nikaona na ruhusa yangu imekufa naye. Na ndani ya kile kilio kulikuwa na Momanyi pia, ila sikujua analiliwa wapi na kaa analiliwa wapi. Kisha nikamfunga katika jani la mgomba, nikamzika nyuma ya jiko la nje. Hata sala nilisema, fupi.

Hamisi aliporudi nikampeleka kaburini. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Makori, umezika nguo! Mwenyewe yuko chini bado. Hao wenzake wameichimbua ngozi yake. Ifukue haraka umrudishie, ndiyo chakula chake."

"Chakula?"

"Ee. Anaila ndiyo apate nguvu ya ngozi mpya."

Nikafukua. Hapo nikawa sijui nimwamini nani. Mtu anavua ngozi yake halafu anaila? Lakini niliiosha udongo, nikaiweka palepale juu ya mchanga, na wale kaa watatu nikawahamishia kwenye ndoo, maana Hamisi anasema wakimpata mwenzao laini hivyo watamla. Ndugu gani hao! Tangu hapo kila asubuhi nanusa mchanga. Hamisi anasema akifa atanuka kama samaki aliyeoza. Hanuki. Lakini mchanga mtupu nao haunuki, kwa hiyo sijui kama nanusa uzima au nanusa mchanga.

Memsahib na watu wake wamerudi jana. Mtoto hakuvua hata kofia, alikimbilia sandukuni. Memsahib akauliza, "Kapteni wapi?"

"Yuko ndani, memsahib. Anajivua."

"Mzima?"

"Nadhani."

"Nadhani si jibu, Makori. Leta kijiko tumwone."

Nikaleta. Kijiko nilikishika mimi, Kerubo, nisikufiche. Nilijua kwamba tukifukua kidogo tu, tukamwona akichezesha mguu, jioni ile ningekuwa ndani ya gari la moshi, na siku ya Momanyi kutoka ningekuwa nimesimama uani kwangu. Na kama angekuwa amekufa, basi amekufa, yangejulikana yaishe. Nilikuwa nimeshaufikisha mkono mchangani. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema, "Hapana, memsahib. Akifunuliwa sasa atakufa. Ngozi yake bado mbichi."

Memsahib akanitazama sana. Akasema, "Vema. Basi utangoja naye. Akitoka, utakwenda." Mtoto akanikumbatia mguu. Nikarudi jikoni na kijiko changu.

Hamisi ananiambia nimefanya vyema. Nikamuuliza, vyema kwa nani? Tangu jana najiuliza nilimfikiria nani pale. Nilimwona mtu anataka kuingiza mkono ndani kwa aliyejificha, na mwili wangu ukakataa kabla mimi sijakataa. Mwanangu mwenyewe nimemwacha nje ya hesabu, au ni yeye niliyekuwa namzuilia mlango? Nageuza hivi, nageuza vile, naona yote mawili ni kweli, na hasira inanipanda, na simjui wa kumkasirikia.

Basi jibu la neno lako, Kerubo, ni kwamba sitafika. Unisamehe. Kaa anaweza kutoka kesho, anaweza kukaa mwezi, na wazee hawawezi kuahirisha siku ya watoto wote kwa ajili ya mdudu wa Mombasa.

Onsongo, sasa nasema na wewe. Siku hiyo simama mahali pangu. Umpokee Momanyi kwa mikono miwili, umbariki kwa jina la baba yetu, na umwache aone kwamba uani kuna mtu anayemngoja. Usiende umekunywa. Kuanzia siku hiyo ni mwanamume, msimwite kwa jina la utoto tena, hata wewe mama yake, najua itakuwia vigumu.

Nisalimie mama yangu mzazi, mwambie asisimame sana siku hiyo, aletewe kigoda. Msalimie dada yangu Kemunto huko alikoolewa Ikonge, na kaka yako mkubwa, mjomba wa mtoto, aliyemshika siku ya kisu. Namshukuru kwa mkono wake. Msalimie na mzee jirani yetu, fundi wa majembe, ambaye najua atauliza kama Mombasa nimenenepa. Mwambie sijanenepa.

Jambo la mwisho. Momanyi asiambiwe sasa kwamba siji. Aliyemo ndani hapelekewi maneno ya kumvunja moyo. Lakini akishatoka akauliza tata, baba yake, yuko wapi, msimdanganye kwamba niko njiani. Mwambieni yuko Mombasa, anamlinda kaa wa mtoto wa watu. Asipoelewa, msimlazimishe. Hata baba yake bado hajaelewa.

Ni mimi mume wako, ambaye mwili wake uko huku na macho yake yako mlangoni kwako,

Makori