Hodi Kutoka Ndani ya Kiungamio

MAELEZO YA SHAHIDI: WIZI WA KINANDA CHA KWAYA
Shahidi: Paroko mpya, maarufu kwa jina la Baba Samahani
Umri: Miaka 41. Kazi: Padre. Makazi: Nyumba ya mapadre, nyuma ya kanisa
Yameandikwa: Jumatatu tarehe 16, saa saba na dakika arobaini mchana

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita. Mlinzi wa kanisa yuko mahabusu tangu Jumamosi kwa sababu yangu.

Naomba iandikwe kwamba nina siku kumi na sita hapa, na kabla ya hapa nimehamishwa parokia mbili. Baba Askofu aliniambia, "Na hapo pakikushinda, utakuja kunipangia vitabu maktabani." Jumapili ya kwanza nilimsoma Mwenyekiti wa parokia katika orodha ya marehemu, naye ameketi benchi la mbele. Toka siku hiyo naogopa hata kukohoa.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, saa tatu kasorobo asubuhi, niliingia kwenye kiungamio, yaani kile kijichumba cha mbao ambamo padre husikiliza maungamo. Katekista alikuwa amenionya, "Baba, mlango ule haulazimishwi, unabembelezwa." Mimi niliuvuta kwa nguvu. Kitasa kikabaki mkononi, mlango ukajifunga.

Nilisukuma kwa bega, haukutikisika. Ndipo nikaanza kupiga hodi. Nakubali kwamba hodi hupigwa na aliye nje, lakini sikujua neno lingine la kutumia. Bibi mmoja aliyekuwa akifagia akaitika, "Karibu, Baba!" akaendelea kufagia hadi akamaliza, akaenda zake.

Saa tatu kamili mlinzi alinisikia. Nilimwambia anifungulie, ila asimwite fundi, wala katekista, wala mtu yeyote. Alisema, "Baba, na geti je? Nikiliacha, kwa usalama wako mwenyewe si vizuri." Nikamjibu geti halina miguu. Hayo ni maneno yangu, yeye alinitii tu.

Alianza na kisu, akaja na kijiko, mwisho akaanza kufungua skrubu za bawaba moja moja. Zilikuwa na kutu. Mara tatu watu walikuja kuungama. Kila mara nilimwomba asogee mbali asisikie, naye alikwenda kusimama penye kisima cha ubatizo. Nilimwona muda wote kupitia tundu la kitasa. Mmoja nilimwambia, "Fungua, tafadhali," akajibu, "Ndiyo Baba, nafungua moyo wangu wote." Afande ameniuliza waliungama nini. Sina jibu, na hata nikifungwa sitakuwa nalo.

Mlango ulitoka saa tano na dakika kumi. Mlinzi hakuniacha hata mara moja kuanzia saa tatu kamili. Kinanda kilikuwepo sakristia, chumba cha mavazi ya misa, saa tatu kasorobo, nilikiona kwa macho yangu, na hadi mlinzi anafika nilikuwa nauona mlango wa chumba hicho kupitia tundu la kitasa, haukufunguliwa. Saa tano na robo Mwenyekiti alikuta hakipo.

Aliniuliza mbele ya kwaya nzima, "Baba, ulikuwa wapi?" Nikaona maktaba ya Askofu mbele yangu. Nikasema nilikuwa hospitali, nimekwenda kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu. Huo ulikuwa uongo.

Mlinzi alikuwa bado ameshika skrubu. Alisema, "Mimi nilikuwa namfungulia Padre mlango." Mwenyekiti akamkaripia, "Padre alikuwa hospitali! Unamsingizia hata mtumishi wa Mungu?" Mlinzi akanitazama, akasubiri. Nilitaka kusema kweli. Kilichonitoka ni "samahani", na wote wakadhani namsamehe.

Jumapili nilihubiri dakika tano. Baada ya misa mke wa mlinzi alinifuata akiwa na chakula cha kumpelekea mumewe. Hakulia. Aliuliza, "Baba, miaka kumi na tisa tumeoana hajawahi kunidanganya. Huu uongo wa kusema alikuwa na wewe kautoa wapi?" Nikamwambia tumwombee. Usiku sikulala, niliona aibu kama mtoto aliyekojoa kitandani. Leo asubuhi nilimweleza Mwenyekiti ukweli. Amesema barua kwa Askofu itaondoka leo hii, na nadhani imekwisha kuondoka.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Lililo la uongo nimelitaja kuwa la uongo.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Alisema "samahani" mara kumi na moja, sikuona sababu ya kuziandika zote. Mlinzi ameachiwa saa tisa na nusu alasiri. Shahidi alikuwa akimsubiri kaunta, akaomba kumsindikiza hadi nyumbani. Mlinzi alimwamkia kwa heshima, akamjibu, "Asante Baba, nitakwenda peke yangu. Nikiulizwa njiani nilikuwa na nani, nisipate tabu ya kueleza."