Mwanamke wa Kwenye Laini Yangu

Ijumaa jioni, Toronto

Na mimi Jumapili nilijiona mjanja kuhamishia namba yangu kwenye laini ya bei nafuu kuliko zote!

Tangu nihamie huku, Hooyo, mama yangu, hunibipu kila alfajiri kutoka kwetu Modogashe. Simu inalia mara moja, anakata. Maana yake ameamka salama, na hakatwi hata senti.

Wiki hii yote, kimya. Nikimpigia, hapatikani. Labda chaji imeisha, labda...

Leo nimegundua laini hii hupokea simu kabla haijalia, kisha mashine yenye sauti ya mwanamke huongea Kiingereza na kurekodi. Kulikuwa na jumbe tano. Nne ni pumzi zake tu, na kengele za ngamia. Katika wa tano anamsihi yule mwanamke wa mashine:

"Walaal, dada yangu, kama mwanangu amekufa, niambie kwa Kisomali."