Vumbi Kabla ya Kumzika Baba

Jumatatu, 4 Agosti

Kompyuta imezima tena. Kwenye wasifu nilikuwa nimefika pale Baba alipoacha ukarani akarudi hapa Katangi kulima. Feni ikanguruma weee, kisha kimya. Skrini nyeusi.

Miaka yote hii nawaandikia watu programu za mazishi kwenye meza hii. Picha mbele, wasifu ndani, nyimbo nyuma. Leo ni ya baba yangu na mashine inanigomea. Tunazika Jumamosi. Nina hasira na kila kitu.

Jumanne, 5 Agosti

Sasa haifunguki kabisa. Inawaka, inanguruma, inazima kabla sijaona chochote. Picha nzuri ya Baba imo humo na haiko kwingine popote. Zingine zote amenuna kama aliyeitwa kortini.

Ndugu yangu Mutua amepiga simu kutoka Syokimau. Anataka niipeleke Nairobi kwa fundi. Fundi atakaa nayo wiki mbili akisema kesho, kesho. Nikakataa. Tukakasirikiana.

Siwezi kutulia. Nakaa, nasimama, napika chai. Waombolezaji wanaingia na kutoka, uwanja unafagiwa asubuhi na jioni, vumbi jekundu liko hadi kwenye sukari.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeelewa. Ala! Tangu msiba utufikie, Mwaitu, mama yangu, ameivalisha nyumba nzima vitambaa vyake vya kufuma ili wageni wasikute aibu. Viti, redio, hata boksi la kompyuta chini ya meza. Kitambaa kimelifunika hadi nyuma, pale panapotoka joto. Nami nimeandika siku nzima bila kuinama kutazama.

Nikakiondoa, nikajaribu tena. Wapi! Vumbi limeshajaa ndani.

"Nilikuwa naikinga na vumbi," Mwaitu akasema.

Nikamfokea. Mbele ya wageni. Mjane ambaye hata hajamzika mume wake. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Naona aibu, na hasira bado ninayo.

Alhamisi, 7 Agosti, asubuhi

Naifungua mwenyewe. Mutua anasema niende gereji waipulizie upepo wa magurudumu. Aka! Upepo ule una nguvu mno, na hutema maji.

Nimezima, nikachomoa waya ukutani. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia, nikakishikilia, umeme uliobaki uishe. Nikabeba boksi hadi barazani. Skrubu, kifuniko cha ubavuni. Jameni! Feni imevaa blanketi. Vumbi na nyuzi za kitambaa vimeshikana pamoja.

Nikagusa chuma cha boksi kabla ya kugusa kitu kingine, umeme wa mwilini usiunguze kitu. Kisha brashi ya rangi, mpya, kavu, polepole. Kitambaa cha maji hapana, kabisa. Pampu ya baiskeli, kwa mbali kidogo, pumzi fupi fupi. Feni nikaizuia na kijiti isizunguke ovyo ikaharibika. Nikivunja kitu hapa, watu watamzika Baba bila kuuona uso wake.

Alhamisi, jioni

Imewaka. Nilisubiri nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Haikuzima. Nikahamisha picha kwenye flashi kabla ya chochote. Nikamaliza wasifu, nikachapa nakala zote.

Mwaitu hajanisemesha. Anawapakulia wageni, ananipita kama kiti. Inauma.

Jumapili, 10 Agosti

Wageni wameenda. Nyumba imekuwa kubwa.

Mwaitu alikuja na programu mkononi. Hajui kusoma. Nikaanza kumwomba msamaha, akapunga mkono.

"Wacha hayo. Nisomee."

Nikasoma. Alikozaliwa, shule, ukarani, shamba, watoto, wajukuu. Alisikiliza hadi mwisho, macho chini.

"Umeandika kazi zake zote," akasema. "Hukuandika vile alikuwa ananichekesha."

Kweli. Hakuna hata mstari mmoja.

Nikamuuliza alimchekesha vipi. Akaanza na siku Baba alipowaleta mbuzi wa mahari. Mmoja alikata kamba, naye bwana harusi mtarajiwa akaingia kwa wakwe mbio, kiatu kimoja mguuni, akimsihi mbuzi asimwaibishe. Mwaitu alikuwa amejificha jikoni. Alicheka hadi akamwaga uji.

Nilicheka pamoja naye. Kisha nikalia, mara ya kwanza tangu Baba afe. Mwaitu akanishika goti, akaendelea kusimulia.