Kitambaa cha Kuonjea Hewa

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kifua kinasemaje? Dada ameniambia huko kwake mlimani unalala usiku kucha bila kukohoa, na kwamba umeshaanza kuwagombeza watu wa nyumba yake kwa namna wanavyokunja mashuka. Nilicheka peke yangu, nikajua umepona. Sisi huku hatujambo. Mkweo anakuamkia, na mdomo wake bado hauna breki.

Barua yako tumeisoma. Unasema umechoka kukaa kwa watu, unataka kurudi kwenye banda lako la kufulia, na unauliza tunakuja lini kukuchukua. Mama, nisikilize kwanza.

Mvua zimetupiga chenga tena mwaka huu. Kisima kimeshuka mpaka maji yamekuwa ya chumvi. Sabuni unaisugua hadi mkono unauma, povu hakuna. Mkweo akajipa akili ya kuchota mtoni, pale chini ya kiwanda cha nguo. Mashati meupe ya mwalimu mkuu yakatoka na rangi ya biringanya! Mwenyewe alipokuja aliyatazama sana, kisha akasema kwa upole kwamba hayo si yake, tumpatie yake. Mkweo akamjibu kuwa ni yale yale, yamenawiri tu. Nilitamani ardhi inimeze.

Hewa nayo ndiyo usiseme. Tanuri za matofali zimeongezeka, na siku hizi wanachomea matairi. Utaratibu wako sijauacha: asubuhi, kabla ya kuanika nguo ya mtu, natundika kwanza kile kitambaa cheupe cha kuonjea hewa. Wewe ulikuwa unakiacha kidogo, unakipitishia kidole kuona kama kimeshika masizi, halafu unatuambia haya, anikeni. Mimi sasa naanika ndani, chumbani kwako. Kitanda chako hakionekani kwa mashuka ya wateja.

Kitambaa cha jana nimekitia humu kwenye bahasha. Sikukifua. Kifungulie nje, usikisogeze puani. Ukishakiona utaelewa kwa nini siji kukuchukua, ingawa nyumba hii bila kelele zako imenipwaya na kila siku nakukumbuka hadi machozi. Nakupenda mno, mama. Siwezi kukurudisha ukose pumzi mbele ya macho yangu.

Sasa kaa chini, maana nakujua. Usirudi. Nakuja mimi. Mkweo atafunga banda, awarudishie wateja nguo zao, kisha anifuate. Tulikuwa bado tunavutana juu ya jambo hili, lakini jana nilipokianua hicho kitambaa nilijikuta nimejishika tumbo. Nikamwambia mkweo kwamba mjukuu wako hatavuta pumzi yake ya kwanza hapa. Akainuka, akaanza kupanga nguo za wateja za kurudisha.

Ndiyo, mama. Umesoma vizuri.

Msalimie sana dada. Mwambie afunge kamba nyingine ya kuanikia huko nje, kwenye hewa. Ya nepi.

Ni mimi,
Kitindamimba wako