Kikapu cha Simu Mlangoni

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeupata, nakujibu kwa karatasi maana simu siku hizi siipi nafasi. Mama hajambo, cherehani yangu imepona, na paka wako kazaa tena juu ya vitambaa vya wateja.

Unauliza ni shehe gani alinitibu, kwa kuwa sasa mitandaoni wanakucheka wewe na usingizi huupati. Pole. Siku mume wangu aliponiacha nikalia, wewe ulinirekodi ukarusha, ukaandika "dada yangu wa sinema". Nilisoma maoni ya watu mpaka chakula kikawa hakipiti.

Shehe hakunipa dawa. Alinikalisha kwenye duara la dhikri, akasema kila mkono ukienda kwenye simu niupeleke kwenye tasbihi, nivute pumzi kwa jina la Mungu. Taratibu kifua kikafunguka. Akasema pia nikuombee heri. Dua hiyo bado sijaiomba.

Njoo Alhamisi, hafukuzwi mtu. Ila ujue utaratibu wetu: simu zote zinabaki kwenye kikapu mlangoni, na mgeni haketi mpaka amwombe radhi, kwa sauti, yeyote aliyemo ndani ambaye yeye mgeni alimkosea. Wengi hulia. Utalia na wewe.

Usiogope, hakuna atakayekurekodi. Anayepokea simu mlangoni ni mimi, na nitakutazama kwa macho yangu tu, mpaka umalize.

Ni mimi,
dada yako wa sinema