Mke Wangu Anaimba na Matairi ya Marehemu

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako, na ukimaliza kucheka naomba unijibu, maana mwenzako nimeshindwa na matairi.

Mimi ni fundi cherehani, nashona suti za kiume, na umri wangu ni ule wa kuvaa miwani ya kusomea halafu kuikana mbele ya watu. Nilikuwa mgane kwa muda mrefu, nimeshazoea kula nimesimama jikoni, hadi siku alipoingia dukani kwangu mama mmoja mjane, mwalimu wa kwaya, akitaka waimbaji wake wa kiume washonewe makoti, akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza inakuwaje fundi wa suti avae shati lisilo na kifungo, kisha akachukua sindano mezani kwangu akanishonea kifungo nikiwa nimelivaa shati lenyewe, na mimi tangu siku hiyo sina ujanja tena. Tumefunga ndoa mwaka huu. Nina furaha, mshauri, sitaki kukudanganya, nina furaha mpaka wateja wananiuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Sasa shida yangu ni hii. Mke wangu alikuja na gari aliloachiwa na marehemu mumewe, gari kubwa la kifahari, refu, viti vya ngozi, paa linafunguka ukaona mawingu, na nyumbani wote wanaliita Mheshimiwa. Marehemu alikuwa mhandisi wa barabara, kazi yake ilikuwa kufika mahali ambako barabara yenyewe haijafika, kwa hiyo alilivalisha Mheshimiwa matairi ya matope, yale ya meno makubwa, na huko alikokwenda yalimfaa sana. Sisi tunakwenda sokoni, mazoezi ya kwaya na kwa wajukuu, lami tupu, na juu ya lami matairi yale yananguruma kama mashine ya kusaga, ukiongeza mwendo kidogo tu humsikii aliyekaa kiti cha pembeni yako. Nikimwambia mke wangu leo amependeza ananijibu "Nini?", nikirudia "Nini?", nikirudia mara ya tatu tayari nimeshapaza sauti na sifa imegeuka ugomvi.

Lakini si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba matairi yale yakianza kunguruma, mke wangu huimba nayo. Kweli kabisa. Yanatoa sauti nzito ya chini, naye anayapandia juu yake taratibu, sauti ya pili, macho yametulia dirishani, na matairi yakipunguza mwendo naye anashuka, na mimi nimeshika usukani katikati yao kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila kubisha hodi. Nafsi yangu inaniambia, huyu anaimba na mumewe. Najua ni upuuzi, mimi ni mtu mzima, lakini upuuzi nao unauma.

Sasa matairi hayo yamekwisha. Juzi mvua ilinyesha, tukaingia kwenye mzunguko wa barabara, Mheshimiwa akateleza akageuka tukawa tunatazama tulikotoka. Mke wangu alicheka, ila mkono wake ulikuwa umenibana goti mpaka leo nalisikia. Binti yake mkubwa alipokuja kututembelea akayazunguka matairi akatikisa kichwa, akasema, "Mzee, haya yameshakuwa vipara. Mnunulie Mama yale yale, Baba alikuwa hataki kabisa mengine." Nikamgeukia mke wangu, alikuwa anamenya viazi, akasema tu, "Fanya utakavyoona, mume wangu." Mshauri, wewe ni mwanamke, niambie, huo si mtihani? Nikiona vibaya je?

Basi nikaenda kwa muuza matairi mmoja karibu na duka langu, jamaa mwenye maneno mengi watu wanamwita Upepo. Nilikuwa nimeshapima mwenyewe kwa futi yangu ya kushonea, nikapima kimo cha tairi, upana na kiuno, nikamwandikia vizuri kama suti. Upepo alipoona vipimo vyangu aliketi chini.

"Mkubwa, hili tairi linakwenda harusini?"

Nikamwambia aache mzaha, nataka matairi ya lami, yaliyotulia, nataka mawili.

"Mawili? Mengine utavaa wewe?"

Nikamweleza mpango wangu, kwamba nitaweka matulivu mawili mbele, maana sisi ndio tunakaa mbele, na nyuma nitaweka mapya mawili ya meno kama ya marehemu, hivyo kila mtu atakuwa amepewa heshima yake na nyumba itabaki na amani. Upepo alinitazama sana, akaanza kusema kitu, halafu akakumbuka kwamba yeye ni mfanyabiashara, akaniuzia. Sasa matairi hayo mawili yapo dukani kwangu, nimeyapandanisha na kuyafunika kitambaa cha sufu cha kijivu, na wateja wanakalia pale wakisubiri, jana wakili mmoja amekalia akanisifu kwamba nimenunua kiti kizuri.

Na mambo mengine yananichanganya zaidi. Tukifika nyumbani mke wangu huniambia, "Zima gari tukae kidogo," basi tunakaa mle ndani getini, tunapiga soga na kucheka mpaka majirani wanadhani geti limegoma, lakini mimi moyoni najiuliza kama hataki kushuka kwa sababu ndani ya gari lile ndimo zilimo kumbukumbu zake. Na mara nyingine tukiwa na safari ndefu kidogo anasema, "Twende na kigari chako," kile changu cha zamani ambacho mlango mmoja unafunguliwa kwa nje tu, nami naona labda hapendi niliendeshe gari la marehemu, ananifichia aibu.

Shule zikifungwa tuna safari yetu ya kwanza ya wawili, siku nzima barabarani, tunakwenda kwa dada yangu ambaye hajamwona mke wangu bado. Nina mengi nataka kumsimulia njiani, nimeshapanga mpaka lipi lianze. Lazima matairi yabadilishwe kabla ya hapo. Niambie ukweli, mshauri, nikiweka matulivu nitaonekana namfukuza marehemu nyumbani kwake? Na nikiweka yale yale ya meno, mimi ni mume wa mama huyu au ni dereva wa gari la mtu?

Ni mimi mwenzenu,
Fundi Suti

*

Fundi Suti, nimecheka kama ulivyoagiza, nimecheka hadi mhariri wangu amekuja kuuliza kulikoni, na sasa nakujibu.

Kwanza pole kwa kule kuteleza kwenye mvua, na namshukuru Mungu mpo wazima. Pili, acha utoto. Umeandika barua ndefu kuhusu mke wako na ndani yake sijaona mahali hata pamoja ulipomuuliza swali. Umemuuliza Upepo, umeuliza futi, umeniuliza mimi nisiyekujua, na mtu anayelala kitanda kimoja nawe umemwachia viazi.

Tuanze na kuimba. Mkeo ni mwalimu wa kwaya, bwana. Mtu wa namna hiyo akisikia mlio wowote unaoshikilia sauti moja, ataupandia, hawezi kujizuia. Mimi nina shemeji mwalimu wa muziki, jokofu letu likinguruma naye analiitikia, na mume wangu hajawahi kuhama nyumba kwa sababu ya jokofu. Mkeo anaimba kwa sababu mle ndani hakuna kingine cha kufanya. Kuongea hawezi, humsikii wala hakusikii! Ulitaka afanye nini, asinzie?

Sasa hebu tazama ulichoniandikia mwenyewe. Mama huyu ana gari la viti vya ngozi, lakini safari ikiwa ndefu anachagua kigari chako ambacho lazima asubiri umfungulie mlango kwa nje. Mkifika nyumbani anakuambia uzime gari mkae. Umeona hayo yote kwa macho yako, ukayafasiri upande upande. Anayetafuta kumbukumbu za marehemu hukaa peke yake akanyamaza. Huyu anakaa na wewe akicheka hadi majirani wanadhani geti limeharibika. Fundi, mkeo anatafuta mahali pa kukusikia. Unavyoteseka na kelele zile naye anateseka vivyo hivyo, ila kila mmoja amekaa na adabu zake, wewe hutaki kumgusa marehemu, naye pengine anadhani wewe mwanamume umelipenda gari likinguruma. Wanaume wengi wanapenda, nani angejua wewe ni tofauti?

Alipokuambia ufanye utakavyoona, hakukutega. Alikuamini. Mwanamke aliyethubutu kukushonea kifungo kifuani siku ya kwanza, angekuwa na la kusema kuhusu matairi angekwambia pale pale, na kisu cha viazi mkononi.

Anayemlilia mhandisi ni binti yake, na ana haki zote. Baba ni baba. Usishindane naye kwa matairi. Siku akija tena, keti naye umwambie akusimulie zile safari za baba yake huko kusiko na barabara, umsikilize mpaka mwisho bila kutazama saa. Mpe nafasi ya kumtaja baba yake nyumbani kwenu bila mtu kuona haya. Utaona kama atakumbuka tena kuuliza habari za meno ya tairi.

Na huo mpango wako wa mbele yawe yangu, nyuma yawe ya marehemu! Wewe unaweza kumshonea mteja suruali mguu mmoja wa sufu na mwingine wa jinzi, ukasema umeleta amani? Gari hilo la mhandisi bila shaka linavuta kwa magurudumu yote manne. Ukilivalisha mbele matairi ya aina moja na nyuma ya aina nyingine, magurudumu hayatazunguka sawa, huku chini giaboksi itakuwa inavutwa huku na huku, na kwenye mvua nusu ya gari itashika lami na nusu itateleza. Mzunguko wa juzi haukukutosha? Manne, Fundi, ya aina moja na yaliyonunuliwa pamoja. Upepo alitaka kukwambia hilo, na mimi namlaumu kwa kulimeza.

Sasa fanya hivi. Jumamosi asubuhi funga duka, mchukue mkeo, nendeni wote wawili kwa Upepo. Mwende polepole, na kama mvua inanyesha msiende. Futi yako iache mezani, kiuno cha tairi hakipimwi. Fungua mlango wa dereva, kwenye ukingo wake utaona kibandiko, hapo ndipo saizi imeandikwa pamoja na kiasi cha upepo, na tairi utakalonunua lilingane na hapo. Mwambie Upepo unataka ya lami, ya gari zito, maana Mheshimiwa ni mnene na tairi la kigari chako lisingembeba. Usidanganywe na weusi unaong'aa, tazama ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne za wiki na mwaka lilipotengenezwa, lililokaa rafuni muda mrefu limezeeka hata kama halijagusa barabara. Yale mawili anayokalia wakili, kama saizi ni sawa, ongezea mengine mawili ndugu zake. Kama si sawa, mrudishie Upepo na umwangalie usoni hadi akubali. Wakimaliza kufunga wayasawazishe, na magurudumu yanyooshwe, usije ukaniandikia tena kwamba gari linavuta upande mmoja na wewe umeona ni marehemu anashika usukani.

Lakini kabla ya kutoka nyumbani, kabla hujasema neno lolote la matairi, muulize mkeo. Kaa naye mle ndani ya gari, limezimwa, umwambie, "Mke wangu, mimi natamani tuongee njiani. Wewe unataka nini?" Kisha unyamaze. Najua itakuwa kazi kwako. Nyamaza hivyo hivyo, umwache ajibu, na ulichoniandikia mimi kuhusu wivu wako mwambie naye pia, hata kile cha kubisha hodi. Nakuhakikishia atacheka zaidi yangu, na baada ya kucheka atakushika mkono. Safari ya kwa dada yako itaanzia hapo hapo getini.

Na ikitokea akakwambia, kwa kinywa chake mwenyewe na si cha binti yake, kwamba anayataka yale yale ya meno, basi usinune. Nunua manne ya meno, mfungie, muende nayo kwa dada yako mkinguruma njia nzima, na sifa zake umpigie kelele mpaka koo likauke. Marehemu alichagua matairi, Fundi. Mama huyu amekuchagua wewe.