Twalibu wa Chini ya Daraja

Kisarawe, 3 Juni 1974

Mtani Sixtus,

Nina miaka sabini na minane. Nimewazika wake wawili, nikamwona Mjerumani akiondoka na Mwingereza akiondoka, na meno yangu bado yanavunja mfupa. Wewe huko Janga sijui kama unapumua. Naandika kwa mkono wangu. Darasa la ngumbaru mimi ndiye wa kwanza.

Katibu wa kijiji anataka kuvunja daraja letu la mawe, lile la reli iliyobeba udongo mweupe, ajengee ghala. Nimemwambia mdogo wangu Twalibu aliangukiwa na jiwe tukijenga, mzungu akakataa kazi isimame, tukamfukia palepale kwenye mguu wa daraja. Haamini. Anataka shahidi, na tuliobaki ni mimi na wewe. Niandikie upesi.

Mtani wako,
Mwinshehe

Janga, 14 Juni 1974

Wewe Mzaramo, mtumwa wangu,

Kumbe hujafa? Jembe la kukuchimbia nilishalinoa. Mimi mzima. Daraja ulijenga lini? Sisi Wanyamwezi tulibeba mawe, wewe ukichoma mihogo! Na Twalibu hayumo humo. Siku ile alikuwa kijijini Msimbu kwa mke wa mtu. Wavunje tu!

Nikimaliza kuvuna mpunga nakuja kusema ya maana. Andaa jogoo.

Mtani wako,
Sixtus

Kisarawe, 2 Julai 1974

Sixtus,

Mimi mzima, wewe sikuulizi.

Barua yako sikuifungua. Nilijisifu mkutanoni kwamba mtani wangu hawezi kuniangusha, nikampa Katibu aisome mwenyewe. Akaisoma kwa sauti. Watu wakacheka wakashika mbavu, na mimi nikacheka. Nikamwambia, "Huo utani, mwanangu. Ndivyo anavyosema ndiyo."

Akaikunja. "Serikali haina mtani, mzee. Na wenzako wote wamecheka."

Hawakungoja mpunga wako. Nililala juu ya mawe, wakaninyanyua kama gunia. Chini wakamkuta mdogo wangu: fuvu, na mkono umebanwa na jiwe. Katibu akasema ni nyani, maana shahidi ameshaandika hakuna mtu. Mawe yamekwenda ghalani.

Nimemzika bila mtani wa kumsindikiza. Na siku yangu ikifika, nimewausia wanangu usisogee kaburini.

Ukidhani nami nakutania, muulize mke wangu wa tatu, Mwanahalima, aliyeipokea mifupa ya shemeji yake kwa kanga. Muulize fundi Thadeo wa kuvunja daraja, aliyetupa nyundo alipoliona fuvu na hajarudi kazini.

Mwinshehe